Alama Mbili za Swali la Kulinganisha

Kilichoninyima usingizi kilikuwa alama mbili. Nililala kwa shangazi yangu, Kasulu, mvua ikipiga bati, na nikawa najiuliza jambo moja kwa namna ishirini. Yule mama nilimpa alama mbili kwa sababu sentensi yake ilistahili, au kwa sababu nilijua ni yeye?

Mtu mwingine angegeuka upande wa pili na kulala. Mimi nikianza kufikiri jambo, nalichambua mpaka linabaki mifupa, kisha naanza kuchambua mifupa. Nilimaliza chuo, nikapata shahada ya ualimu wa lugha, na tangu hapo nasubiri ajira nyumbani, Kibondo. Nikisubiri, najitolea kufundisha Kiingereza kwenye darasa la watu wazima wanaotaka kufanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Tunakutana saa tisa alasiri kwenye darasa la shule ya msingi, watoto wakishaondoka. Madawati ni mafupi, na wanafunzi wangu wengi hukaa wamepinda magoti kama wanaota moto.

Mama ninayemsema ni mmoja wao. Anatoka Mabamba, mpakani, na anauza maharage. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi kabla yeye hajazaliwa, walipewa uraia yeye akiwa mtu mzima, na anazungumza Kirundi, Kiha na Kiswahili bila kupumzika kati ya lugha na lugha. Darasani ananiita mwalimu. Tukitoka nje ananiita mwanangu, kwa sababu ana umri wa mama yangu mdogo. Akina mama wanaovuka mpaka na watoto wagonjwa wakifika zahanati bila Kiswahili, yeye ndiye huitwa atafsiri. Amefanya hivyo miaka mingi, bila malipo. Kisha wakaja watu wa kuandikisha wahudumu wa afya wa jamii, wakamwomba awatafsirie wengine, na walipomfikia yeye mwenyewe wakamwuliza cheti cha kidato cha nne.

"Nilikuwa nimekaa kwenye meza yao ile ile," aliniambia siku alipokuja kujiandikisha darasani. "Wakaniambia nisubiri nje."

Hiyo ndiyo sababu yake ya kusoma. Hakuwa na nyingine.

Somo la kulinganisha nililifundisha mwezi wa pili. Wanaotunga mitihani ya Kiingereza wanalipenda sana. Wanakupa sentensi inayosikika vizuri, lakini ukiitazama kwa makini unakuta imelinganisha vitu visivyolingana: mazao na mji, bei na mtu, urefu wa mto na mto mwingine mzima. Mtahiniwa anatakiwa kuliona kosa na kulirekebisha. Niliandika ubaoni, kwa Kiingereza, sentensi inayosema kwamba ng'ombe wa Mabamba ni wanene kuliko Kasulu. Nikauliza kosa liko wapi.

"Hakuna kosa, mwalimu," alisema dereva wa bodaboda aliyekuwa akikaa nyuma. "Ni kweli kabisa. Mimi nimewaona."

"Umewaona ng'ombe au umeiona Kasulu?" yule mama akamwuliza.

"Vyote."

"Basi niambie, Kasulu ina kilo ngapi?"

Darasa likacheka. Dereva akacheka pia, lakini akasisitiza kwamba sisi sote tunasema hivyo kila siku na hakuna aliyewahi kupelekwa mahakamani. Ni kweli. Mtu akisema mihogo ya Kitanga ni mitamu kuliko Rungwe Mpya, hakuna anayedhani ameonja kata nzima. Tunajazia wenyewe kilichokosekana. Nilikuwa natafuta namna ya kueleza kwamba mtihani haujazii, yule mama akanitangulia.

"Ni kama sado," akasema. Sado ni ndoo ndogo ya plastiki wanayopimia nafaka sokoni. "Ukitaka kujua maharage ya nani ni mazito, unayatia ya wote kwenye sado moja. Huwezi kuyatia ya huyu kwenye sado, ya yule ukayapima kwa macho."

Nilimwomba aseme tena ili wote waandike. Tangu siku hiyo nimefundisha kwa mfano wake, na sijapata mfano bora.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa ujirani mwema, ndivyo tunavyouita mtihani unaotungwa na vituo jirani kwa pamoja. Safari hii ulikuwa na uzito zaidi ya kawaida. Watahiniwa ishirini wa kwanza, kutoka vituo vyetu viwili vya Kibondo na Kasulu, wangechukuliwa kwenye kambi ya miezi miwili ya marudio: kulala, kula, na walimu wa masomo yote. Kituo chetu cha Kibondo hakina mwalimu wa baiolojia wala wa hisabati. Anayetaka kusomea mambo ya afya bila baiolojia ni sawa na anayetaka kupika bila moto. Yule mama alijua. Wiki moja kabla ya mtihani aliniambia kwamba akikosa kambi, atafanya mtihani wa taifa, lakini atakuwa anabahatisha.

Kusahihisha kulifanyika Kasulu, siku tatu, shule zikiwa zimefungwa. Utaratibu ulikuwa wa kubadilishana: walimu wa Kibondo tunasahihisha karatasi za Kasulu, wao wanasahihisha zetu. Kila mwalimu ana swali lake moja. Karatasi inapita mkononi mwako, unasahihisha swali lako, unampa jirani. Juu ya karatasi kuna namba tu. Na kila asubuhi kiongozi wa usahihishaji, mama wa makamo aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya ambaye wote tulimwita Madam, alisimama mbele na kusema maneno yale yale: "Ukitambua mwandiko wa mtu, inua mkono. Karatasi itasogezwa kwa mwingine. Hakuna atakayekuuliza kwa nini."

Mimi nilipewa swali la pili, la kulinganisha. Sehemu yake ya mwisho ilimtaka mtahiniwa atunge sentensi moja ya kulinganisha vitu viwili vya eneo analoishi. Mwongozo ulikuwa wazi: alama mbili kama vitu vinalingana, sifuri kama havilingani. Alama moja haikuwapo.

Siku ya pili mwalimu wa Kasulu aliyekuwa na swali la pili kwenye karatasi za Kibondo akashikwa na malaria. Madam akanijia.

"Wewe umeshauzoea huu mwongozo. Shika na za Kibondo."

"Lakini Madam, hao ni wa kituo changu."

"Ni namba tu hizo, mwanangu. Ukimjua mtu, mkono juu."

Nikasema sawa. Huwa nasema sawa haraka, kisha natumia siku nzima kujiuliza kama ilikuwa sawa.

Kwenye karatasi za Kasulu za asubuhi ile, nilikuwa nimekutana na moja ambayo namba yake iliishia na sita. Kalamu ya mwandishi ilikuwa imeisha wino katikati ya ukurasa, akaendelea kwa rangi nyingine. Sentensi yake ilisema, kwa Kiingereza, kwamba mahindi ya Kitanga ni marefu kuliko Rungwe Mpya. Mahindi na kata. Nikampa sifuri, nikapitisha. Haikunichukua nusu dakika.

Mchana, kwenye karatasi za Kibondo, ikaja namba iliyoishia na kumi na saba. Nilisoma sentensi ya mwisho na mkono ukasimama. Ilisema: Tukipima kwa sado moja, maharage ya Mabamba ni mazito kuliko Kasulu.

Sado alikuwa ameiandika vile vile kwa Kiswahili, katikati ya Kiingereza. Kabla sijaona kosa nilikuwa nimeshaona mtu: kitenge chake, vidole vyake, namna anavyoshusha miwani kabla ya kusema. Kisha nikaliona kosa. Kwa woga wa chumba cha mtihani maneno mawili madogo ya Kiingereza, those of, yalikuwa yamemponyoka, na maharage yake yakabaki yakilinganishwa na mji.

Nilitakiwa kuinua mkono. Nilijua. Lakini nikaanza kufikiri. Kwanza, je, nimemtambua kweli, au nimetambua mfano niliomfundisha kila mtu? Pili, nikiinua mkono, Madam atadhani namkumbusha kwamba nilimwonya. Tatu, huyu ametaja sado moja. Hiyo haioneshi kwamba ameelewa kulinganisha kuliko wote waliopata alama zao kwa kukariri? Mwongozo unapima nini, maneno au akili?

"Oya, mwana Kibondo," akasema jirani yangu. Alikuwa mwalimu kijana wa Kasulu, msahihishaji wa swali la tatu, na kazi yake ilikuwa imesimama kwa kunisubiri. "Hiyo karatasi unaisahihisha au unaichumbia?"

"Nasoma."

"Unasoma nini, sentensi moja? Mahari umeshapeleka?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Nikaandika mbili, nikampa karatasi. Akaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anayepokea bibi harusi, na wakacheka tena. Mimi pia nilicheka.

Siku ya tatu nilipangwa kumsomea karani jumla za alama, yeye akijaza orodha. Ndipo nilipoona. Namba iliyoishia na kumi na saba ilikuwa na alama sitini na moja, na ilikuwa ya ishirini kwenye orodha. Ile iliyoishia na sita ilikuwa na sitini, na ilikuwa ya ishirini na moja.

Sasa mtu ataelewa kwa nini sikulala. Kitandani kwa shangazi nilipiga hesabu. Ningempa kila mmoja alama mbili, namba ya sita angekuwa na sitini na mbili na mama sitini na moja. Ningempa kila mmoja sifuri, namba ya sita angebaki na sitini na mama angeshuka hadi hamsini na tisa. Kwa kila kipimo kilicho sawa kwa wote wawili, mama alitoka nje. Ili aingie kambini, ilibidi mmoja apimwe kwa kalamu na mwingine kwa macho.

Lakini nilikuwa na hoja upande wa pili pia, na nilizipenda. Hazikuwa sentensi zile zile. Ya mmoja ilikuwa na sado, ya mwingine haikuwa nayo. Huenda nililinganisha vitu viwili tofauti na nikavipa alama tofauti, jambo ambalo ni haki kabisa. Halafu nikajiuliza kitu kilichozima hoja zote. Kama sentensi ya sado ingeandikwa na mtu wa Kasulu nisiyemjua, ningesimamisha mkono? Nilitaka kujibu ndiyo. Nilijaribu kumuona huyo mtu wa Kasulu akiandika sado, na kila nilipomtazama alikuwa amevaa kitenge cha yule mama.

Orodha ingebandikwa Jumatatu kwenye vituo vyote viwili. Hiyo ilikuwa Ijumaa.

Asubuhi nilipanda gari la kurudi Kibondo. Njiani mama yangu akapiga simu. Akaniambia mtoto wa jirani amepata ajira, amepangiwa huko Lindi, wamechinja jogoo. Kisha akaniuliza kama nimekula. Mama hajawahi kusema kwamba mtoto wa jirani ni bora kuliko mimi. Huniambia tu kwamba ana kazi, na huniachia mimi nimalizie. Na mimi humalizia vibaya: nachukua kazi ya mtu mmoja, iliyoanza juzi, naipima na maisha yangu yote tangu chekechea. Siku ile nilikuwa na sababu mpya ya kuwaza kuhusu kazi. Madam, kwa kuwa ndiye mratibu wa vituo vyote viwili, ndiye angenisainia barua ya kuthibitisha kwamba nilijitolea, na bila barua hiyo maombi yangu yangekuwa karatasi tupu. Nikamwambia mama nimekula, nikakata.

Niliposhuka sikwenda nyumbani. Nilichukua pikipiki moja kwa moja hadi Mabamba. Nilijiambia nakwenda kumtayarisha mama, asije akashangaa. Huo ulikuwa uongo mzuri, wenye adabu. Ukweli nilikwenda ili mtu mwingine aamue.

Ilikuwa siku ya soko. Watu walikuwa wamevuka tangu alfajiri na ndizi, mafuta ya mawese na vitenge, na njia ya kuingia ilikuwa tope jekundu lililokanyagwa likawa laini kama uji. Nilimkuta mama amekaa nyuma ya magunia mawili, maharage ya njano na mekundu.

"Mwakeye, mama," nikamsalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, mwalimu. Umepotea njia?"

"Nimekuja sokoni."

"Sokoni Mabamba, na Kibondo kuna soko? Kaa hapo, usikanyage gunia."

Alikuwa na mteja, mwanamke aliyevuka, aliyekuwa akibishana naye kwa Kirundi. Mteja alidai maharage ya muuzaji wa jirani yamejaza zaidi. Jirani naye akaingilia. Nilidhani watapigana. Badala yake mama akamwita muuzaji wa tatu, mwanamke aliyekuwa akiuza karanga mbali kidogo. Akaja na sado yake mwenyewe. Akamimina maharage ya mama, akapangusa juu kwa kiganja, akayaweka kwenye mfuko. Akamimina ya jirani, akapangusa vile vile. Mteja akanyanyua mifuko yote miwili, akafikiri, akanunua ya jirani. Mwenye karanga akachukua ndoo yake, akarudi kwenye karanga zake.

"Kwa nini hamkutumia sado yako?" nikamwuliza.

"Yangu? Mwenye maharage anawezaje kushika sado?" Akacheka. "Mwingine anaipasha kitako moto, kinapanda ndani. Mwingine hajaipasha, lakini mkono wake unamimina vizuri zaidi akiwa na mali yake. Hata hajui. Mkono tu."

Nikaona kama ningesubiri zaidi ningekunywa chai na kuondoka. Nikamwambia. Nikamwambia karatasi yake niliisahihisha mimi, kwamba niliitambua, kwamba sentensi yake ilikuwa na kosa na nikaipa alama mbili, na kwamba kuna mtu wa Kasulu aliyefanya kosa hilo hilo nikamnyima. Nikamwambia yeye ni wa ishirini na huyo ni wa ishirini na moja.

Alichambua mawe kwenye maharage mekundu, akayatupa moja moja.

"Kwa hiyo nimefaulu," akasema.

"Kwenye orodha, ndiyo."

"Na wewe umekuja nikwambie unyamaze."

"Hapana, mama."

"Umekuja nikwambie useme?"

Nikaanza kumweleza kuhusu sado, kwamba alionesha ameelewa, kwamba mwongozo labda haukuwa wa haki, kwamba mtu anaweza kusema kwa upande mmoja hivi na kwa upande mwingine vile. Akanyanyua kiganja.

"Mwanangu, mwanangu. Ngoja. Nikikwambia unyamaze, nimeiba nafasi ya mtu nisiyemjua. Nikikwambia useme, nimejitoa mwenyewe kwa mdomo wangu, na nina watoto wanaosubiri niwe kitu. Yote mawili umeniletea mimi. Mimi ni mwenye maharage! Kwa nini unanipa sado?"

Alisema kwa sauti, na jirani yake akageuka kutazama. Mama akamwambia kitu kwa Kirundi, jirani akarudi kwenye kazi yake.

"Umenikasirikia," nikasema.

"Ego," akasema, ndiyo kwa lugha yake. "Kosa si alama. Ungeniambia nimekosea swali, ningelia nikaosha uso. Umenifurahisha nusu dakika, ukaninyang'anya, ndiyo nakukasirikia." Akaanza kuwapangia bei wateja wawili waliokuwa wamesogea. Aliponiona bado nimekaa, akasema bila kunitazama, "Nenda, magari yatakuacha. Na usinipigie simu. Nitasoma ukutani kama wengine."

Nilirudi Kibondo nikiwa na aibu iliyonisaidia, kwa sababu aibu haina maswali mengi. Kitu kimoja tu kilibaki kichwani: mkono wangu ulimimina vizuri zaidi. Huenda sentensi ile ilistahili alama mbili. Huenda haikustahili. Sikuwa mtu wa kusema, na nilikuwa nimepoteza siku mbili nikijaribu kusema.

Jumapili nilipanda gari la kwanza kwenda Kasulu. Madam anaishi kwenye nyumba za walimu nyuma ya shule. Nilimkuta ametoka kanisani, bado amevaa sare ya kwaya, akimenya ndizi jikoni kwa nje. Nilisimama pale na kumweleza yote, na kwa mara ya kwanza nilieleza kwa mpangilio.

Aliendelea kumenya mpaka nikamaliza.

"Si nilisema kila asubuhi, mkono juu?"

"Ulisema, Madam."

"Sasa mkono ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nafikiri."

"Ukafikiri mpaka lini?"

"Mpaka karatasi ikapita."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. Nilidhani atanigombeza, na nilikuwa nimejiandaa. Alichofanya ni kulaumu nafsi yake kidogo, kwa sauti ya chini, kwamba yeye ndiye aliyenipa karatasi za Kibondo na alijua haifai. Kisha akanawa mikono, akachukua funguo.

Ofisini alinipa karatasi nyeupe niandike maelezo. Niliandika ukurasa mzima. Nilieleza malaria ya mwenzetu, utani wa jirani yangu, darasa la mwezi wa pili, maana ya kulinganisha. Niliposoma nikaona nimejitetea kwenye kila mstari. Nikaomba karatasi nyingine, nikaandika kwamba mimi, msahihishaji wa swali la pili, nilimtambua mtahiniwa wa namba ile, sikuinua mkono, na naomba swali la pili la namba hizo mbili lisahihishwe na mtu mwingine.

Madam alimwita yule mwalimu kijana wa swali la tatu, anayekaa nyumba ya tatu kutoka pale. Alikuja na kandambili, bado anatafuna. Madam alikuwa amenakili sentensi zile mbili kwenye karatasi, bila namba, bila jina la kituo, moja juu na moja chini.

"Zisahihishe hizi kwa mwongozo."

"Jumapili, Madam?"

"Sahihisha."

Akasoma. Mimi nilitazama dirishani, kwenye mikaratusi, ili uso wangu usimwambie kitu.

"Sifuri," akasema. "Na hii... hii ya sado nzuri, mwandishi ana akili. Lakini sifuri. Mwongozo hauna sado." Akaniona natazama nje. "Vipi, mwana Kibondo, ndiyo ile ya kuchumbia?"

"Ndiyo," nikasema.

Akaacha kutafuna. Hakutania tena. Akasaini palipotakiwa, akaomba ruhusa, akaondoka.

Madam akafungua orodha. Akapiga mstari kwenye namba iliyoishia na kumi na saba, taratibu, kwa rula, akaandika juu yake ile iliyoishia na sita. Hakuuliza huyo aliyetoka ni nani kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia habari za zahanati, za mpaka, za meza aliyokaa akitafsiri kisha akaambiwa asubiri nje. Yote yalikuwa kweli. Nilinyamaza, kwa sababu na huyu mwingine, aliyeishiwa wino katikati ya ukurasa, lazima alikuwa na yake, na hakukuwa na mtu chumbani wa kuyasema.

"Kuna barua yako ya kujitolea pia, si ndiyo?" akauliza.

"Ndiyo, Madam."

"Tutaiongelea siku nyingine. Kwa leo, mabadiliko kwenye orodha yanasainiwa na aliyesahihisha mara ya kwanza."

Akaisukuma orodha upande wangu wa meza. Nikachukua kalamu, nikasaini mbele ya namba ya mama.